Kinywa cha Rayyan

Tulipita juu ya shamba letu wenyewe. Maji yalikuwa yametulia siku kadhaa hata yakaanza kuwa maangavu, na chini ya mtumbwi niliuona mpunga tulioupanda kwa mikono yetu, bado umesimama, ukiyumba huku na huku kama nywele za mtu anayeoga. Migomba ilikuwa imetoa vichwa tu. Abdulsalam, mume wangu, alisimama nyuma akisukuma kwa upondo, na kila alipouchoma chini nilijua alichokuwa akikichoma: hapa kitalu cha miche, hapa tuta la viazi, hapa mahali tulipokaa kula siku ya kupanda. Rayyan, binti yetu, alikuwa mapajani mwangu, kichwa kwenye kiwiko changu, miguu yake mirefu imetoka nje ya kanga, na pumzi yake ilikoroma kwa ndani kama chungu kinachochemka kimefunikwa.

Alikuwa na miaka tisa. Mwaka ule mto Tana ulikuwa umeiacha njia yake ukaja kuzuru watu majumbani, na Kilelengwani yetu ikawa kisiwa chenye nyumba, mbuzi na kuku wenye hasira.

"Anapumua?" Abdulsalam aliuliza, macho yake mbele.

"Anapumua."

Baada ya kitambo akauliza tena, nami nikajibu tena. Ndivyo tulivyovuka, yeye na swali lake, mimi na jibu langu, na maji pande zote mpaka yalipokutana na mbingu.

Ajabu ni kwamba nikiikumbuka safari ile leo, hofu siioni. Naikumbuka kama ndoto ya mtu aliyelala mchana mlango ukiwa wazi. Yangeyange walisimama kwenye paa la nyumba ya jirani yetu kama wanaongoja mnada. Mwanga uliotoka majini ulicheza usoni mwa Abdulsalam, ukipanda na kushuka, na Rayyan akafumbua macho, akauona, akacheka. Kicheko chake hakikuwa na sauti. Mdomo ulifunguka upande na shingo ikarudi nyuma, basi. Kisha kikohozi kikaja, kikakichukua.

Nilimzaa baada ya uchungu mrefu, na alitoka kimya. Mkunga alimpiga mgongoni, akampulizia, akamgeuza, na mimi nilikuwa nimekwisha kugeuza uso ukutani alipotoa sauti ndogo, kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kuwaamsha wenzake. Baadaye tuliambiwa jina la hali yake, mtindio wa ubongo. Tukaambiwa hatakaa, hatatembea, hatasema. Yote yakawa kweli. Lakini hakuna aliyetuambia kwamba angependa kula.

Kula ndiko kulikokuwa kusema kwake. Mlo mmoja ulichukua muda ambao wanawake wenzangu walikwenda shamba na kurudi. Nilimwegemeza kifuani pangu, nikaweka kidole kooni pake, juu ya kile kifundo kidogo kinachopanda na kushuka, nikatia kijiko, nikangoja. Wakati mwingine kifundo kilikawia, nami nilikaa nimebana pumzi hadi kilipopanda. Nilijifunza kuusikiliza mmezo wake kama mvuvi anavyousikiliza mshipi kwa ncha ya kidole. Uji wa ndizi aliupokea kwa adabu, kama mgeni. Mchuzi wa kambare aliunyonya hadi kijiko kikabaki kikavu. Lakini embe! Nikimkamulia embe alifumba macho, akatulia mwili mzima, na sauti ikatoka ndani kabisa, mmm, ndefu, nzito kuliko umri wake. Abdulsalam aliiita dua ya Rayyan. Mtu angeniuliza binti yangu alikuwa nani, ningempa sauti hiyo awe ndiyo jibu.

Miaka ikaenda, naye akawa mrefu, na kikohozi kikawa mwenyeji. Kichomi kilimshika, kikamwachia, kikamshika tena. Tulidhani ni ubaridi wa mto. Kila alipopona tulimkuta mwepesi kidogo kuliko awali, kama mtu anayehama nyumbani taratibu, akichukua kila siku kitu kimoja.

Garsen ilikuwa imejaa watu waliokimbia maji, na magodoro yao yalikuwa yameanikwa kando ya barabara kana kwamba mji mzima ulikuwa umeamka umelowa. Tuneya, dada yake Abdulsalam, anauza nguo sokoni pale. Alipotuona tunashuka kwenye pikipiki, mimi nimembeba Rayyan katikati, alifunga kibanda chake bila kuuliza neno, akachukua leso mbili na chupa ya chai. Daktari wa Garsen alimsikiliza Rayyan kifua, akamwekea dripu, akaandika rufaa. Tukapanda ambalensi wote wanne hadi Mombasa.

Huko ndiko tulikokutana na Daktari Pauline. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye desturi ya kuvuta kiti akakaa kwanza, ndipo aseme. Alimpima Rayyan akimwambia kila alichotaka kumfanyia, "Rayyan, sasa nagusa tumbo, mkono wangu una baridi," kana kwamba angejibiwa. Homa iliposhuka akatuita chumbani kwake, akatuonyesha picha kwenye kioo. Fuvu la mwanangu lilikuwa kivuli. Maziwa aliyonyweshwa yalikuwa mstari mweupe ulioshuka kooni, ukafika mahali, ukagawanyika.

"Hii ni njia ya chakula," alisema. "Hii ni ya hewa. Tazameni. Kila anapomeza, sehemu inaingia huku."

Nilitazama. Mstari ule mwembamba ulishuka mapafuni bila haraka, mzuri, kama kijito.

"Kwa hiyo ninapomlisha," nikasema, "namzamisha."

"Unamlisha, Mama Rayyan. Koo lake ndilo lisiloweza tena kufunga mlango."

Akatueleza. Kulikuwa na upasuaji, si mkubwa: tundu dogo tumboni, na mpira wa kupitisha chakula moja kwa moja. Mapafu yangepumzika. Angenenepa. Lakini mapafu yenyewe yalikuwa yamechakaa, na dawa ya usingizi ingeweza kumlaza asiamke. Tukikataa, angetufundisha kumlisha kwa uangalifu zaidi, tungerudi naye, na kichomi kingerudi pia, na siku moja kisingemwachia. Siku hiyo angeweza kutusaidia asipate tabu. Lini, hakujua.

"Angekuwa mwanao?" Abdulsalam akamuuliza.

Daktari aliigeukia tena ile picha. "Ningeuweka mpira. Lakini mimi sitarudi naye nyumbani, Baba Rayyan. Nyinyi ndio mtakaorudi naye. Sasa tumemwekea mpira wa puani, unatupa nafasi. Fikirini."

"Na embe?" niliuliza.

Wote wakanitazama. Tuneya akaniwekea mkono begani, kama mtu anayemfunika mwenzake aliyevuliwa nguo.

"Kwa mdomo, hapana," Daktari Pauline akasema. "Samahani, mama."

Nyuma ya wodi kulikuwa na ua wenye kamba za kuanikia, na benchi la saruji. Tulikaa pale watatu, shuka nyeupe zikijaa upepo na kutoka upepo mbele yetu.

"Cha kufikiri ni nini?" Abdulsalam alisema. "Tumwambie leo."

"Wamtoboe tumbo? Wammiminie chakula kama mafuta ya taa?"

"Nataka awe hai."

"Hai vipi?"

"Hai vyovyote, Mama Rayyan." Akageuka kunitazama. "Hai tu, nikiingia ndani nimkute."

Nilimwambia kwamba yeye hakuwa na kidole kooni pake miaka yote ile. Kwamba mtoto huyu hana miguu, hana maneno, ana kinywa tu, na sasa tunataka kukifunga. Kilichobaki ndani yake kingeishi kwa ajili ya nini? Nilisema kwa ukali, na maneno yalinitoka mazuri, yamepangika, kwa kuwa nilikuwa nimeyasema moyoni tangu tulipotoka kwa daktari.

Hapo Tuneya akazungumza. "Kaka, niwie radhi. Na wewe wifi. Nasema lile ambalo ninyi hamtalisema." Alikuwa akiikunja leso na kuikunjua. "Wifi yangu huyu hajalala usingizi wa kushiba tangu mtoto azaliwe. Mgongo wake ni wa bibi kizee. Mwacheni Rayyan aende kwa Mola wake bila visu. Mtu amekwisha kuaga, nyinyi mwataka kumshika nguo mlangoni."

Hakuwa mtu mbaya, Tuneya. Alikuwa amemwogesha Rayyan mara nyingi kuliko shangazi yeyote wa mtoto mzima. Aliyasema kwa machozi. Lakini nilipomsikia nilishtuka, kwa sababu hitimisho lake lilikuwa langu. Yeye aliukataa mpira kwa kuwa amechoka kwa niaba yangu. Mimi niliukataa kwa kuwa nilimpenda mwanangu. Na bado maneno yetu yalitoka nje yamevaa kanga pacha. Mgeni angepita akatusikia asingeweza kusema yupi ni mama.

Niliinuka nikawaacha.

Kitanda cha jirani yetu wodini kilikuwa cha kijana mmoja aliyeitwa Boru, mwenye umri wa miaka kumi na tatu hivi, mwembamba, macho makubwa, hali yake ni ile ile ya Rayyan. Aliyemuuguza ni baba yake. Kwa shuka aliyovaa na fimbo aliyoilaza chini ya kitanda nilijua ni Muorma kabla hajafungua kinywa, naye alijua nilikotoka nilipotaja Kilelengwani. Watu wake na watu wangu walimwagiana damu mwaka mmoja, kwa ajili ya malisho na maji, na kijijini petu kuna makaburi ya siku ile. Alinisalimu, nikaitikia, na kwa siku mbili tukawa tunapishana kama watu wanaobeba maji yaliyojaa.

Jina lake lilikuwa Guracha. Niliporudi kutoka uani nilimkuta akimlisha Boru. Alikuwa ameinua bomba lisilo na sindano juu ya kifua cha kijana, na maziwa yalikuwa yakishuka ndani yake kwa uzito wao wenyewe, kimya, hadi kwenye mpira uliotokeza ubavuni. Kabla ya kumimina alifanya jambo lililonishangaza. Alifungua kibuyu, akakisogeza chini ya pua ya mwanawe, akangoja. Harufu ya moshi ilinifikia hata mimi, ile harufu ya vibuyu vya Waorma vinavyofukizwa kwa vijinga. Mabawa ya pua ya Boru yalitanuka.

"Unamnusisha," nikasema. Yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake baada ya salamu.

"Mdomo nafungwa. Pua hapana fungwa," Guracha alijibu. "Yeye najua hii maziwa ni ya nyumbani."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda chetu. Nikamuuliza lile ambalo sikuweza kumuuliza daktari: je, alifanya vizuri?

Alimaliza kumimina kwanza. "Mbele, mtoto yangu nakula kwa mdomo, mimi naogopa kila siku. Nakohoa, mimi nasema leo ndiyo. Nakohoa, nasema leo ndiyo. Mpaka mimi napenda kukaa na ng'ombe mbali, sitaki kusikia." Alipangusa bomba kwa kitambaa. "Sasa siogopi. Nakaa na yeye. Hiyo ni kweli moja."

"Na ya pili?"

"Ya pili." Alimtazama mwanawe. "Mbele, nikimpa maziwa, yeye natazama mimi hapa, machoni, mpaka naisha. Sasa natazama huko, dirisha. Ile kutazama nakwenda, mama. Hairudi. Mtu akikuambia hakuna kitu napotea, huyo mwongo."

Sijasahau kwamba aliniambia yote mawili.

Kesho yake asubuhi nilikaa tu nikimtazama Rayyan. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe sikuwa na kijiko mkononi. Chakula chake kilikuwa kikipita puani, na mikono yangu haikuwa na kazi, nikawa kama mgeni aliyefika mapema mno. Jua liliingia kwa dirisha likakaa juu ya shuka. Ndipo nilipoona vidole vyake. Ngumi za Rayyan zilikuwa zimefumbwa siku zote. Ili kumkata kucha ilinibidi nizifungue kidole kimoja kimoja. Sasa zilikuwa wazi. Viganja vyake vilielekea juu, vyeupe, na mistari ambayo sikuwahi kuiona vizuri. Alikuwa amelala usingizi ambao hakuwa na haja ya kuupigania.

Nilifikiri: kumbe ule mlo uliokuwa dua ulikuwa pia mlima. Kila siku, mara tatu, tulimpandisha.

Nilikuwa karibu kuridhika na fikra hiyo. Ingekuwa rahisi kuishia hapo. Lakini mchana mama mmoja wa kitanda cha mbali alimenya embe la msimu ule, la boribo, na harufu ikatembea wodi nzima. Rayyan akaamka. Kinywa chake kikafunguka, kikageuka kule harufu ilikotoka, kikangoja kama cha kinda wa ndege. Kikangoja muda mrefu. Ngumi zikafumbwa tena kwa hamu. Niliulowesha mdomo wake kwa pamba yenye maji, kama nilivyoruhusiwa, naye akaonja maji, akanitazama.

Sikupata ishara, basi. Watu hupenda kusimulia kwamba mtoto alisema ndiyo, au alisema hapana. Wangu alisema yote mawili, akaniachia mimi.

Abdulsalam alikuja saa za kuona wagonjwa. Alikuwa amelala msikitini, shati lake lina makunyanzi. Tulimtazama mtoto wetu, kila mmoja upande wake wa kitanda.

"Nimefikiri ulivyosema," alianza. "Kuhusu kidole. Ni kweli, sikuwa nacho mimi. Nikirudi shamba nilikuta amekwisha kula. Labda ndiyo maana naweza kusema 'vyovyote.' Sijui ninachokikata." Akapapasa nywele za Rayyan. "Ukikataa, sitakulaumu. Nimekuja kukuambia hilo. Siku ikifika, sitakutazama kwa jicho hilo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, na vita havikuja. Kumbe kilichokuwa kimenishikilia kwenye "hapana" yangu kilikuwa pia mkono wake unaonivuta. Alipouachia, nilibaki nimesimama mwenyewe, na nikaona ninakoelekea.

"Tuweke," nikasema. "Lakini kinywa kibaki chake."

Daktari Pauline alinisikiliza hadi mwisho. Nilitaka ruhusa ya ladha: tone la embe, tone la mchuzi, tone la asali kwenye ulimi. Sikutaka kumlisha, nilitaka kumwonjesha tu.

"Kila tone lina hatari yake," alisema. "Dogo, lakini ipo. Na nikikuambia sawa, nami nimeishika hatari hiyo pamoja nawe."

"Na nikimnyima kabisa, hakuna hatari?"

Alinitazama sana. "Ipo," akasema. "Ila hiyo haionekani kwenye picha." Akatufundisha: ameketi wima, asiwe na homa, tone moja kwa ncha ya kidole, kisha kungoja. Abdulsalam alisikiliza akiwa ameshika ukingo wa meza. Yeye angeuchukua mpira bila tone. Mimi ningechukua tone bila mpira. Tulitoka chumbani mle kila mmoja amebeba hofu ya mwenzake.

Siku ya upasuaji Rayyan aliamka mchana, mikunjo ya usingizi shavuni, ana hasira. Tuneya alipiga kigelegele wodini hadi wauguzi wakamnyamazisha huku wakicheka. Alikuwa ameyasema aliyoyasema pale uani, na alikuwa amefunga siku hiyo nzima akimwombea asiende.

Tulirudi Kilelengwani maji yalipokwisha kushuka. Mto ulikuwa umetandaza tope jipya, jeusi, laini kama unga uliokandwa, na watu walipanda mpunga upya juu ya ule uliooza. Watoto wa jirani walikuja kumwona mtu anayekula kwa tumbo, wakatazama, wakauliza kama anasikia utamu, wakachoka, wakarudi kucheza. Wazee wengine walinong'ona. Rayyan alinenepa. Mashavu yalimjaa nikaona, kwa mshangao, kwamba alifanana na mama yangu. Kifua kilikaa kimya miezi na miezi, na nilianza kulala.

Guracha alikuwa amesema kweli. Kule kutazamana kulipotea. Nilishika bomba juu, uji uliozimuliwa kwa maziwa ukashuka wenyewe, na macho yake yakaenda kwenye mwanga uliopenya makuti. Nilimwimbia, nikamnusisha kila kilichokuwa jikoni. Wakati mwingine nilimsimulia habari za shamba. Lakini zile saa ndefu, kifundo na kidole, hazikurudi, na ziko siku nilizililia nikiwa nimembeba mtoto mzima, mwenye afya, mapajani.

Ramadhani ilipofika nilimwambia maana ya jina lake. Rayyan ni mlango wa Peponi, mlango wa waliofunga, na anayeupita haoni kiu tena. Tulimpa jina hilo kabla hatujajua lolote. Jioni, adhana ikiisha na sisi tukifungua kwa tende, nilichovya kidole katika asali ya msituni na kukigusisha kwenye ulimi wake, tone moja. Tukangoja. Na ikaja: mmm, ndefu, nzito, ikaenda hadi uani. Kila nilipompa tone Abdulsalam alitoka nje, au alijifanya anatafuta kitu. Hakuwahi kunizuia.

Asubuhi moja, mwaka uliofuata, nilikwenda kupalilia nikasahau jembe dogo, nikarudi. Nilipofika kizingitini nilisikia sauti yake ndani. Alikuwa amemkalisha Rayyan mapajani, wima kama tulivyofundishwa, mgongo wa mtoto kifuani pake, na bakuli la embe lililokamuliwa pembeni. Kidole chake cha shahada cha kulia kilikuwa na tone. Kidole cha kushoto kilikuwa kooni pa Rayyan, juu ya kifundo. "Taratibu, mama," alikuwa akimwambia. "Taratibu. Baba yupo. Meza." Sikuingia. Nilisimama nje juani mpaka niliposikia dua, kisha nikasikia mwanamume akilia na kucheka kwa pamoja, nami nikarudi shambani bila jembe, nikang'oa magugu kwa mikono.

Tulipewa miaka miwili na kitu. Aliondoka mwanzoni mwa kaskazi, mchana, mafua yalipokuwa yakizunguka kijiji kizima, na hakukoroma wala hakuhangaika. Alikuwa kwenye mikono yetu, na ngumi zilikuwa wazi. Sijui kama yalikuwa yale mafua yaliyowapata wote, au tone moja lililopotea njia. Daktari Pauline alisema kwa simu kwamba haijulikani, na kwamba hata angekuwapo isingejulikana. Mimi na Abdulsalam hatujaulizana, wala hatutaulizana.

Siku hizi watu huja, wenye watoto kama wangu. Sijui nani huwaelekeza. Labda muuguzi wa zahanati. Juzi alikuja mama kijana kutoka Ngao, Metrine, amembeba mgongoni mtoto mkubwa kuliko wa kubebwa mgongoni. Alikaa ukingoni mwa mkeka kama mtu aliye tayari kukimbia. Kanisani wamemwambia hivi juu ya mpira, hospitali wamemwambia vile, mama mkwe ana lake. Aliyatoa yote kwa pumzi moja, macho yamekauka.

"Sasa mama, nimekuja kwako," akamaliza. "Wewe ulipitia. Nifanye nini?"

Nilitaka kumjibu. Nina majibu mawili, na yote ni ya kweli. Nilimtazama mtoto, kichwa kimelala begani pa mama yake, mate yakimtoka taratibu, jicho moja likinichunguza.

"Anaitwa nani?"

"Zachary."

"Zachary anapenda nini?"

Naona hakuna aliyekuwa amemuuliza. Alimshusha mtoto mgongoni, akampakata, akamfuta kidevu kwa pindo la kanga, akafikiri.

"Mvua," akasema. "Ikipiga kwenye mabati. Anacheka mpaka anajinyea."

Akacheka mwenyewe, akaziba mdomo kwa aibu. Nikamsogezea mto wa kuegemea, nikaenda kuteleka chai.